Hatua Tatu Mbele ya Kanisa

Dada yangu wa Louisville, hukuhuku Marekani, alinipigia simu kunitisha, kama kawaida yake. Masharti ya msaada wa watoto walemavu yamekazwa, akasema. Huko mtaani kwao Beechmont watoto wawili wameshaondolewa kwenye msaada. Bon, nikamwambia anitishe taratibu, maana barua yangu nilikuwa nayo mkononi. Ofisi ya msaada iliniita kwenye mahojiano, ikitaka kujua kama binti yangu, mwenye miaka tisa na miguu iliyolegea tangu kuzaliwa, amepata nafuu. Bila msaada ule ningerudi kufanya kazi ghalani kutwa nzima, na yeye angebaki na nani?

Shida ni kwamba nafuu nilishaitangaza mwenyewe. Jumapili iliyotangulia mhubiri mmoja kutoka Columbus, mwenye sauti kubwa kuliko kanisa letu hapa Buffalo, alimwekea binti yangu mikono na kumwamuru atembee, mimi nikilia pembeni. Mtoto akaacha magongo, akapiga hatua tatu. Nikanyakua kipaza sauti, nikashuhudia mpaka jasho likanitoka. Vigelegele, usiseme! Jumatatu alishindwa hata kufika chooni, lakini nani anarudi kanisani kufuta ushuhuda?

Siku ya mahojiano naingia ofisini, na mkalimani ni nani? Shemasi wetu, yuleyule aliyeitikia "amina" kuwashinda wote. Mungu naye ana utani wake.

Afisa akauliza kama mtoto anaweza kutembea bila magongo. Nikasema hapana. Shemasi akanikodolea macho badala ya kutafsiri. Hasira ikanipanda.

"Tafsiri, papa," nikamwambia. "Hapa hatuko kanisani."

Kabla hajafungua mdomo, binti yangu akamjibu afisa kwa Kiingereza chake cha shuleni, kile cha haraka ambacho mimi hudaka neno moja moja. Afisa akaacha kuandika. Shemasi akatazama viatu vyake. Donc, ikabidi nimwombe anitafsirie mtoto niliyemzaa mwenyewe. Niliona aibu, sitadanganya.

"Anasema hawezi," akasema polepole. "Siku ile alitembea kwa sababu wewe ulikuwa unalia. Anasema miguu ilimuuma sana."

Msaada haukukatwa, barua ya majibu ilichelewa tu. Lakini Jumapili iliyofuata mahojiano, yule mhubiri alipotuambia wote tusimame, nilibaki nimekaa kando ya binti yangu.