Blanketi la Mtoto wa Makambako

Vile vitambaa vilinuka dawa ya kuulia nondo. Vilikuja misheni katika makasha ya mbao kutoka ng'ambo, vipande vya magauni na mapazia ya watu tusiowajua, na kila Jumatano mama yangu alirudi navyo kutoka darasa la ushonaji akiwa amevifunga kwenye kanga. Akilifungua lile fungu, harufu kali ilijaa jikoni, ikashindana na moshi wa kuni za miti ya miwati na viazi vilivyokuwa vikiungua pembeni mwa moto. Mpaka leo nikifungua sanduku la nguo za zamani nikakutana na harufu hiyo, moyo unanishuka. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, Mwingereza bado anatawala, na ilikuwa ile miezi ya baridi ambayo huku Njombe nyasi huamka nyeupe kwa sakitu na ukungu haufunguki mpaka jua limepanda sana. Mtu mwenye akili alikaa jikoni.

Baba hakuwepo. Alikuwa kibarua wa barabara huko Makambako, akiishi kambini na kuja nyumbani kila baada ya miezi miwili mitatu, mkononi ana sukari na kipande cha sabuni. Mwaka ule alikuja mara moja, akakaa siku mbili bila kuinua uso, kisha akaondoka. Alipoondoka, bibi, yaani mama yake baba, alimwita mama wakazungumza uani. Mimi nilikuwa natwanga mahindi hatua chache kutoka pale, na mtwangio wangu ulipungua kasi ili masikio yafanye kazi. Baba alikuwa amezaa mtoto wa kiume na binti mmoja wa Kikinga, aliyetoka Makete kuja kukaa kwa kaka yake Makambako. Wazee wa kanisa walikwisha kupata habari, na baba alikuwa ametengwa, haruhusiwi tena kuikaribia meza ya Bwana. Mama hakulia. Aliuliza tu mtoto ana muda gani, akaambiwa wiki tatu.

Katika ukoo wa baba kulikuwa na desturi ambayo sijaikuta pengine. Mtoto akizaliwa nje, mke wa nyumbani ndiye anayempokea, na humpokea kwa kumfunika. Hutengeneza kifuniko kwa mikono yake mwenyewe, cha kununua hakifai, wala cha kushonewa na mtu mwingine. Humpelekea mtoto huko aliko, humfunika, na kumtamkia jina la ukoo. Zamani ilikuwa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta, siku zile likawa blanketi. Mtoto asiyefunikwa hakuwa na jina kwetu, hakuwa na shamba, na akifa hakuzikwa pamoja na wenzake. Si bibi wala shangazi aliyeweza kuifanya kazi hiyo badala ya mama.

"Mama Eliza," bibi alimwambia, "najua ninachokuomba ni kizito. Lakini yule ni damu yetu, na mwenye nyumba ni wewe."

"Nimesikia, mama," mama alijibu, akachukua mtungi akaenda mtoni.

Basi akaanza kushona. Kule misheni walikuwa wamewafundisha kukata vitambaa kwa kipimo kimoja, kuviunganisha viwe shuka moja, kisha kuweka katikati kitu cha joto na chini yake kitambaa cha marekani, na kushonea vyote kwa pamoja. Kwa lile la katikati mama alikata blanketi kuukuu la kijivu ambalo baba aliliacha. Alishona kwa hasira, sitaki kumpamba. Alivuta uzi mpaka unakatika, akautafuna mwisho wake, akaanza upya. Nilipomsogelea kumtungia sindano alinipokonya, akisema kazi hii si ya mtoto. Lakini mshono wake ulikuwa mdogo na umenyooka kuliko mishono yake yote niliyowahi kuiona, kwa sababu alijua kule Makambako watalipindua blanketi na kuutazama upande wa chini. Siku moja nilimuuliza kama anampenda yule mtoto. "Simpendi," akasema. "Lakini hajanikosea."

Jibu hilo halikunitosha. Mimi nilikuwa na hasira zangu, na hasira za mtoto wa miaka kumi hazina breki. Nilimwona baba kama mwizi, na lile blanketi nikaliona kama zawadi ya wizi. Kila kitambaa kizuri kilichokuwa kwenye fungu kilikwenda humo: cha buluu chenye maua meupe ambacho nilikuwa nimekililia kwa ajili ya gauni langu, na chekundu, na kile cha mistari. Nilimwomba Mungu mvua iingie ndani iliozeshe. Nilitaka mtu mkubwa amwambie mama aache, maana mimi nisingeweza.

Mtu huyo alijileta mwenyewe. Mke wa mwinjilisti, ambaye sote tulimwita Mama Mwinjilisti, ndiye aliyefundisha ushonaji, na Jumapili alitufundisha sisi watoto. Hakuwa mtu mbaya. Jumapili moja baada ya mafundisho alinishika bega akasema mshono wa mama yangu umemfurahisha, kisha akauliza blanketi lile analishona kwa ajili ya nani. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema la ndugu yetu, na nisingekuwa nimedanganya. Nikasema kwa sauti ya kusikika vizuri, "La mtoto wa baba, aliyezaliwa na yule mwanamke wa Makambako." Mkono wake uliondoka begani mwangu. Nilirudi nyumbani nikirukaruka, nikijua kwamba nimemaliza kazi.

Wiki ile ile mama aliitwa na wazee wa kanisa. Alivaa kitambaa chake cheupe cha kichwani, kile cha siku za ushirika, akaenda peke yake asubuhi na kurudi mchana. Alimweleza bibi, nami nikiwa pale pale mlangoni. Walimwambia kwamba mke anayempelekea zawadi mtoto wa hawara, tena akamtamkia jina, amekubali kuwa na mke mwenzake, na kanisa halina wake wawili. Vitambaa vya misheni havikuletwa kwa kazi hiyo. Aache, ama naye atengwe kama mumewe. Bibi hakuwa amebatizwa na hakuwa na haraka ya kubatizwa. Alimwambia mama kwamba amemwondolea mzigo, asishone tena, yeye mwenyewe atajibu kwa wazee wa ukoo. Nilisikia nikafurahi. Ndivyo nilivyotaka iwe.

Mama alikaa na blanketi mapajani, halijamalizika pindo. Huwezi kujua meza ya Bwana ilikuwa nini kwa mwanamke yule. Alibatizwa akiwa msichana, nyumbani kwao wakamfukuza kwa sababu hiyo, na siku za ushirika hakula chochote tangu jana yake. Alikuwa na shamba dogo, mume asiyekaa nyumbani, na mahali pake kanisani, benchi la tatu kutoka mbele. Kitu kingine hakuwa nacho. Aliugeuza ule upande wa marekani, akapapasa mshono kwa kidole gumba.

"Akifa bila jina nitamwambia nini Bwana?" alisema. Hakuwa anamuuliza bibi. Akachukua sindano.

Tulikwenda Makambako kwa lori lililobeba magome ya miwati ya kutengenezea ngozi, mimi na yeye, tumekaa juu ya mzigo huku upepo unatukata masikio. Nyumba ya yule kaka mtu ilikuwa ya matope, imefagiliwa vizuri, na yule binti alipotuona alipiga magoti mlangoni. Hakuwa mkubwa, leo ningemwita mtoto. "Kamwene, mama," alisalimu. Mama aliitikia. Alikataa kiti, akakataa maji na chakula, akaomba apewe mtoto. Alikuwa mdogo kuliko nilivyowaza, amefungwa kwenye kipande cha gunia la unga, mikono yake ya baridi ina rangi ya zambarau. Mama alimlaza juu ya blanketi, akamkunja pande zote, akamtamkia jina la babu yetu, Lutambi, na la Kikristo, Yosia. Kisha akamrudisha kwa mama yake na kutoka nje. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta, analia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona wala sikuiona tena. Nami hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na sikuwa na pa kukimbilia.

Walimtenga. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na akaendelea kukaa hapo. Kurudi hakukuwa kugumu. Baba alisimama mbele ya watu akatubu, akarudi baada ya mwaka mmoja. Mama naye aliitwa kila mwaka asimame aseme anatubu, na kila mwaka alijibu kwamba ana dhambi nyingi za kutubu lakini kumfunika mtoto si mojawapo. Ikapita miaka mitano. Siku nilipopata kipaimara nilivaa gauni jeupe alilonishonea yeye, nikapiga magoti mezani kwa mara ya kwanza, na nilipoinuka nilimwona mbali kule mlangoni, ananyoosha shingo anione.

Jioni ile nilimwambia kuwa ni mimi niliyesema. Alikuwa anachambua maharage.

"Nilijua," alisema. "Tulikuwa watatu tuliojua blanketi ni la nani, na bibi yako hajawahi kuingia kanisani." Akaendelea kuchambua. "Ulikuwa na miaka kumi, Eliza. Tena hukusema uongo."

Alikufa bado yuko benchi la mwisho, kabla ya Uhuru. Yosia alikuwa darasa la kwanza.

Leo naishi Mjimwema, hapa hapa Njombe, nina wajukuu, na kanisani kwetu hakuna benchi la waliotengwa. Mtoto akizaliwa, awe wa ndani au wa nje, sisi akina mama tunachangishana kwenye simu, mmoja wetu anapita dukani kuchukua blanketi laini lenye picha ya dubu, tunaimba, tunapigwa picha, tunakunywa chai. Ni vizuri, sisemi vibaya. Nisingependa binti yangu akalie benchi lile hata Jumapili moja. Yosia ni mzee mwenye mvi sasa, huniita dada na kunisalimia kabla ya watu wote, na bado sijapata ujasiri wa kumweleza habari hii. Nimebeba zawadi za watoto wengi katika maisha yangu, na nimesifiwa kwa ukarimu. Hakuna hata moja iliyonigharimu kitu ambacho ningekililia nyuma ya nyumba ya mtu.