Shahidi Aliyeuza Uji Mlangoni

Siku yangu ya kwanza ya uaskari magereza, Masasi, niliripoti viatu vinameremeta, nikidhani nitakabidhiwa funguo. Mkuu wa Gereza akanipa kalamu. "Una mwandiko mzuri. Kaa dawati la rufaa." Nilinuna wiki nzima!

Kazi yenyewe, vijana, ilikuwa hivi: mfungwa asiyeridhika na hukumu anatoa kusudio la rufaa ndani ya siku kumi, nasi tunalipeleka mahakamani. Ukija mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa, unamsomea, kisha mnaandika sababu za rufaa.

Nilipohamishiwa Newala nilimpokea Baba Zuhura, mkulima wa korosho wa Mkunya, aliyefungwa kwa kuuza bangi.

"Zuhura yuko darasa la tano," aliniambia. "Nikitoka nitamkuta kaolewa."

Nilimwonea huruma, nikamwandikia kurasa tatu za kilio. Mkuu wa pale, mama asiyecheka ovyo, akanirudishia.

"Afande, Jaji hapimi machozi. Kasome tena. Nani alikuwepo na hakuitwa?"

Nikasoma. Hati ya ukamataji, karatasi inayoorodhesha vilivyokamatwa, ilikuwa na dole gumba la Mama Issa, jirani aliyeshuhudia upekuzi. Hakuitwa kamwe. Mwendesha mashtaka alisema hapatikani. Kumbe kesi ikisikilizwa Baba Zuhura alimhoji askari mpekuzi kuhusu huyo mama, na jibu limeandikwa: "Namfahamu. Anauza uji nje ya mahakama. Hata leo nimekunywa kwake."

Loo! Nilicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Tukaandika sababu hiyo moja tu. Kwenye rufaa Jaji akasema shahidi muhimu asipoitwa bila sababu, mahakama inaweza kudhani angesema kinyume.

"Kwa uji alipatikana," akauliza, "kwa ushahidi hakupatikana?"

Wakili wa Serikali akainamia makaratasi yake. Baba Zuhura aliachiwa, akatoka getini mbio, kandambili moja akaisahau. Tuliitunza hadi alipoifuata, yeye na Zuhura wake.

Sasa nimestaafu, na asubuhi nanywa uji kwa Mama Issa, pale pale nje ya mahakama. Juzi, baada ya shikamoo, nikamuuliza angesema nini kama angeitwa.

"Kwamba mfuko wa bangi ulikutwa kwenye kibanda cha vibarua wa korosho, si nyumbani kwa Baba Zuhura." Akanijazia kikombe. "Mwanangu, mimi zamani nilikuwa nauzia kule kule Mkunya. Nilihamia hapa mlangoni siku kesi ilipoanza, wasije wakaniita nikawa mbali."