Diski Mbili za Mjomba Kipimo

Mjomba wangu tulimwita Kipimo, kwa sababu hata chumvi aliipima kwa kijiko na kukisawazisha kwa kisu. Miaka thelathini alikuwa fundi sauti wa redio. Alipostaafu alibaki na kompyuta moja kwenye chumba cha nyuma, na sauti ya marehemu mke wake. Kanda zenye sauti hiyo zilipoota ukungu, alizihamishia kwenye kompyuta, kisha akazichoma moto mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hapendi uchafu ndani. Nilichemka, lakini ndugu wa mama yako utamfanya nini?

Kisha akatusumbua miezi mitatu na suala la diski. Mimi ndiye fundi kompyuta wa ukoo, kwa hiyo nilimshauri aweke diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja, moja ikifa nyingine ibaki. Juu yake aweke mfumo wa faili unaotia alama kila kipande na kukikagua, ili diski zikitofautiana ajue ipi inadanganya. La kwanza alikubali. La pili alikataa katakata.

"Mpwa wangu, masikio ninayo," alisema. "Leo mashine ije kunikagulia mke wangu?"

Akachagua mfumo wa zamani, unaoandika na kusoma tu bila kuuliza maswali. Nikanawa mikono.

Mwaka wa pili alinipigia simu saa tisa mchana. "Hebu njoo. Mkaza mjomba wako leo hajacheka."

Kulikuwa na rekodi moja aliyoisikiliza kila siku baada ya kula. Siku ya kuirekodi alikuwa akijaribu maikrofoni tu nyumbani. Mkewe anauliza kutoka jikoni, "Baba, umefunga mlango?" Mjomba anajibu, "Nimefunga." Mkewe anacheka, basi. Sasa siku nyingine kicheko kilikuwepo, siku nyingine hakikuwepo.

Sababu niliijua kabla sijakaa. Diski zilikuwa zimetofautiana, na kompyuta ilisoma mara hii, mara ile. Nikazitenganisha, nikasikiliza moja moja. Ya kwanza ilikuwa nzima. Kwenye ya pili swali lilikuwepo, lakini jibu la Mjomba halikuwepo, wala kicheko. Faili likiharibika hukwaruza au hupiga mluzi. Hili lilikuwa safi kabisa. Baada ya swali kulikuwa na kimya cha chumba, na mtu anapumua karibu sana na maikrofoni. Jua lilikuwa linawaka nje, na nywele zilinisimama.

Nikamweleza Mjomba kwamba kompyuta haijui ipi ni ya kweli. Achague moja, nayo itaandikwa juu ya nyingine.

"Ni ya kwanza, hakuna mjadala," nikasema. "Au nizitunze zote mbili kwenye flashi."

"Awe wawili?" Alinikazia macho. "Mimi nilioa mmoja."

Akavaa hedifoni. Ya kwanza aliisikiliza mara moja. Ya pili aliirudia hadi nikaacha kuhesabu.

"Weka ya pili."

"Mjomba! Hiyo ndiyo mbovu! Utakifuta kicheko chake, na kanda ulishachoma!"

"Kule nilishamjibu, akacheka, akaenda zake," alisema. "Huku bado anasubiri."

Niligoma. Nilimwambia mkono wangu hautafanya kazi hiyo hata anilaani. Akanisogeza taratibu, akabonyeza mwenyewe.

Kuandika upya kulichukua dakika arobaini. Nilikaa kwenye kiti cha mlangoni nikitazama asilimia zikipanda, nikilia kwa hasira na kwa uchungu, maana kicheko kile nami nilikipenda. Yeye alikuwa ameketi wima na hedifoni zake, uso umelainika kama wa bwana harusi.

"Nimefunga, mke wangu," alisema kwa upole.

Akatega sikio. Kisha akaanza kujibu swali jingine.