Wote Wawili, Nyumba Moja

Dada yangu alinipigia simu nikiwa Horohoro mpakani, napakua magunia ya vitunguu. Hakunisalimia.

"Njoo nyumbani kesho," alisema. "Nina neno na wewe, na si la simu."

Nyumbani kwake ni Chumbageni, Tanga mjini, katika nyumba aliyoiacha mumewe alipofariki mwaka mmoja kabla ya hapo. Mimi nilikuwa napita tu pale, nakula, nafua nguo, naondoka. Niliacha shule darasa la sita na tangu hapo nimekata mkonge, nimechoma chokaa, nimeuza miwani ya jua stendi. Miezi minne mahali pamoja ilikuwa mingi kwangu.

Nilimkuta uani anakuna nazi. Aliniambia bila kuinua kichwa kwamba ana uvimbe tumboni na atapasuliwa baada ya wiki mbili.

"Nikifa, utawachukua wanangu?"

Wanawe ni wasichana wawili, mmoja alikuwa na miaka minane, mwingine mitatu. Nilijua anachoogopa. Kwenye arobaini ya mumewe, kaka wa marehemu, anayekaa mtaa wa Usagara, alisema mbele ya watu kwamba likitokea la kutokea, mkubwa atakwenda kwake kwa kuwa ameshaanza kusaidia kazi, na mdogo atapelekwa Pangani kwa bibi yake mzaa baba. Hakusema kwa ubaya. Ni mtu mwema, na sare za shule ananunua yeye. Alikuwa akipanga tu, kama watu wanavyogawana masufuria ya kurudisha baada ya shughuli. Lakini dada hakulisahau neno lile. Yule mdogo hakuwa akilala mpaka ashike sikio la dada yake.

Nikamjibu, "Dada, ngoja kwanza nikaulize."

Nikaenda kuuliza. Nilianza kijijini kwa dada wa nyanya yetu, mwanamke wa Kidigo ambaye hakuna ukoo asioujua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kuoga au kula?"

Nilipomweleza alinishangaa. "Sasa unauliza nini? Mtoto ni wa mjomba. Zamani hata urithi ulitoka kwa mjomba. Baba alikuwa mgeni anayelala ndani."

Nilitoka pale kifua mbele. Kesho yake nikamfuata sheikh baada ya swala ya alasiri. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema malezi ya watoto wadogo yanashikwa kwanza na wanawake. Mama akikosekana ni bibi mzaa mama, na kwa kuwa mama yetu ameshatangulia, basi ni bibi mzaa baba, yule wa Pangani. Nikauliza mjomba yuko wapi kwenye foleni hiyo.

"Yumo," alisema. "Lakini mbali, kijana wangu. Mbali."

Aliongeza kwamba fungu la yatima katika nyumba ile ni amana, haliguswi na mtu.

Nikaenda tena kwa karani wa wakili mmoja, mwenye meza yake karibu na mahakama. Yeye alisema mama anaweza kumwandika amtakaye kwenye wosia, ila ndugu wakigombana, mahakama itaangalia maslahi ya watoto. Nikamuuliza maslahi yanapimwa vipi. Akaniuliza naishi wapi.

Kwa hiyo nilikuwa na majibu matatu, na kila aliyenijibu nilimwona ana haki. Sikuelewa mtoto mmoja anawezaje kuwa wa watu watatu, halafu asiwe na wa kumlaza usiku. Nilirudi kwa dada na kumwaga yote, bibi alisema hivi, sheikh hivi, karani hivi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mdogo wangu," alisema, "nani alikutuma ukaulize? Mimi nilikuuliza kama utawachukua. Siku nne unazunguka Tanga nzima kutafuta mtu wa kukujibia."

Nikaenda kufua nguo zangu.

Ijumaa alimwita shemeji yake wa Usagara. Alikuja na kanzu yake ya msikitini, akakaa, akasikia habari, akanigeukia.

"Wewe shemeji? Wewe hata mswaki wako hujui uko wilaya gani. Utawalaza wapi hawa?"

"Hapa hapa," nilisema. "Hii ni nyumba yao. Nitahamia mimi."

Sikuwa nimelipanga neno hilo. Lilinitoka nikalisikia pamoja nao. Dada aliinua macho, na shemeji yake akacheka mpaka kofia ikamkaa upande.

"Kukaa? Wewe?"

"Mimi."

Aliirudisha kofia mahali pake. Kisha akasema basi iandikwe hivyo, nyumba ataiangalia yeye isiuzwe, na mimi nikae na watoto humo. "Ila siku utakayoondoka, nawachukua."

"Wote wawili," dada alisema.

"Sawa, mmoja kwa bibi yake..."

"Wote wawili, shemeji. Nyumba moja."

"Wote wawili," shemeji alikubali, na dada akamtaka alirudie mbele ya karani, liandikwe vilevile. Tulitia sahihi Jumatatu. Sheikh na jirani walikuwa mashahidi. Sheikh alisema kama bibi wa Pangani ameridhia, yeye hana kipingamizi. Bibi alikuwa ameridhia kwa simu, huku analia.

Dada alipasuliwa akapona, na uvimbe haukuwa na ubaya. Alipoanza kupika mwenyewe, nilifunga begi langu.

"Unakwenda wapi?"

"Si umepona?"

"Karatasi imesema nikifa. Haikusema lini."

Nilisimama mlangoni na begi. Mpaka leo sielewi kama mtu anaweza kuwa mlezi wa watoto ambao mama yao yuko hai, anawapiga kelele wavae viatu. Lakini nililishusha begi. Huu ni mwezi wa saba tangu siku ile, nalala chumba cha uani. Shemeji wa Usagara hupita kila Ijumaa baada ya swala, anachungulia dirishani kama nipo. Akinikuta hushangaa, nami hushangaa pamoja naye.