Nilitaka kupaka dawa mtumbwi usiokwenda ziwani

Wakuu, mnaonizidi umri shikamooni, ingawa sidhani mmebaki wengi humu.

Nimemwona mwenzetu anauliza apake nini mbao za nje zisiliwe na mchwa. Kabla hajanunua, asome hili. Lilinipata mwenyewe, sikusimuliwa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Shule niliiacha mapema, miguu ilikuwa inawasha. Asubuhi moja nikatoka kwetu mjini, Kitendaguro, bila kujua ninakwenda wapi, mkononi nina kopo la kreosoti, yale mafuta meusi yanayonuka waliyokuwa wakipaka nguzo za gati. Nilipewa masalia kibarua kilipokwisha.

Nikafuata njia ya kusini. Nilipata lifti ya lori la kahawa, kwingine nikatembea.

Jioni nikawa upande wa Muleba. Simjui mtu, na wingu la mvua limefunga. Nikabisha hodi kwenye nyumba moja katikati ya migomba. Akatoka mama mjane, Mama Kokugonza.

Akaliangalia kopo. "Kinachonuka hivyo ni nini?"

"Dawa ya mbao, mama. Mchwa hawagusi."

"Basi nguzo zangu za baraza zinaliwa. Na obwato umeanza kuoza chini. Ukivitibu, utalala hapa."

Akarudi jikoni.

Kwa Kihaya changu cha mtoto wa mjini, obwato ni mtumbwi. Na kweli, nyuma ya nyumba palikuwa na mtumbwi mfupi, mnene, umefunikwa majani ya mgomba. Ziwa lilikuwa mbali, lakini mgeni haulizi kila kitu.

Kreosoti haikutosha vyote. Nikaona mtumbwi utangulie. Baraza ikiinama utaiegemeza, mtu akizama je?

Nimechovya kitambaa, sijagusa ubao bado, nikashikwa mkono.

"Waitu! Unataka wakwe zangu wanywe lami?"

"Wakwe gani, mama? Si wanapanda tu?"

"Wanapanda nini?"

"Mtumbwi."

Alikaa chini kwa kucheka. "Kijana wa mjini, humo ndimo tunamokamulia ndizi. Rubisi ya harusi ya Kokugonza inatoka humo wiki hii."

Wahaya wana neno moja kwa vyote viwili. Kwetu ni Waislamu, pombe ya ndizi sikuwahi kuiona ikitengenezwa.

Angeweza kunifukuza, na ningestahili. Badala yake tukakwangua palipooza, tukauinua obwato juu ya mawe usiguse udongo. Ndiyo dawa yake pekee. Nguzo akasema ni za kesho: nichimbue, niunguze ncha za chini, kisha nipake kreosoti yote.

Mvua ikaanza. Nikala ndizi na maharage, nikatandikiwa nyasi mbichi, nikalala pakavu. Kopo lililala nje, mbali kabisa na obwato. Mama yule namwombea hadi leo.

Kwa hiyo, ndugu muuliza swali, usianze na dawa. Tuambie kwanza mbao yako itagusa nini: udongo, maji, au kinywa cha mtu.

Wengine nanyi semeni, kwenu mlikuwa mkipaka nini? Na Wahaya mliomo humu, chekeni taratibu.