Chumvi Katika Maji ya Kihinga

Mtu akitaka kumkasirisha Jokébed Kavuo, amwambie kwamba Butembo inaendelea. "Inaendelea kwenda wapi?" atauliza, mikono kiunoni, na atangoja jibu kweli.

Alifika upande huu wa Bulengera, mtaa wa Butembo mashariki mwa Congo, miaka thelathini na minne iliyopita, bibi harusi kutoka Vuhovi. Wakati huo kilima cha Kihinga kilikuwa mashamba ya maharagwe na viazi, mikaratusi michache, na nyumba saba za udongo. Leo mabati yamepanda mpaka kileleni, moja limekanyaga jingine, na katikati yake hakuna kichochoro ambacho watu wanne wanaweza kupitisha jeneza bila kulilaza ubavu. Jokébed aliwahi kuona jeneza la jirani yake likipitishwa juu ya paa la banda la kuku. Tangu siku hiyo neno maendeleo lilimpa kichefuchefu.

Chini ya kilima ilikuwepo chemchemi. Mume wake Mathe, mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na wanaume wengine wanane, waliijengea ukuta wa mawe na kuitia bomba. Juu yake walizungushia ua wa matete, hatua hamsini kwenda mlimani, mahali ambapo hakuna kulima, hakuna kujenga, hakuna hata kufunga mbuzi. Wanawake wakamchagua Jokébed awe mkuu wa kamati ya maji. Hawakumchagua kwa upole. Walimchagua kwa sababu alimfukuza dereva wa pikipiki aliyekuja kuosha chombo chake pale, akamfuata mpaka barabarani na kiatu chake kimoja mkononi.

Vita vya upande wa Beni vilipozidi, watu walimiminika na magodoro kichwani. Hao Jokébed hakuwadharau. Mtu aliyeacha nyumba yake ikiungua analala panapopatikana. Dharau yake aliiweka kwa wale waliowauzia ukingo wa korongo na kuuita kiwanja, na hasa kwa chifu wa kilima, mzee aliyeweza kuuza kipande kimoja kwa watu wawili asubuhi, kisha jioni akakaa kuwasuluhisha kama mtu wa haki. Chifu huyo alipokosa tena cha kuuza, aliziuza zile hatua hamsini za matete.

Mnunuzi aliitwa Delphin, mfanyabiashara wa mabati na vigae. Alisimamisha nyumba ya ghorofa tatu, yenye nguzo nene kama za kanisa, vioo vya bluu, na vichwa viwili vya simba vya saruji langoni. Jokébed alivitazama vile vichwa akacheka mpaka akakohoa, maana fundi hakuwahi kuona simba na alikuwa amechonga mbwa wawili wenye huzuni. Lakini alipoona mahali shimo la choo lilipochimbwa, kicheko kilimkauka. Lilikuwa juu ya chemchemi kabisa, na refu kuliko watu watano waliosimamiana mabegani.

Alikwenda ofisi ya ardhi. Kijana mwenye tai alimwonyesha karatasi ya hati ya kiwanja.

"Mama, hii parcelle iko na titre."

"Na maji, nayo iko na titre?"

"Maji hapana mu dossier, mama," alisema, akifunga faili.

Alikwenda kwa Delphin mwenyewe, akamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki anawatazama waashi wake.

"Mama Rébecca," Delphin alisema, akimwita kwa jina la bintiye, kwa upole wa mtu aliyeshiba, "miye nimefika mpaka Guangzhou, ku Chine. Kule banajenga nyumba ya étage makumi tatu, hakuna mutu anauliza choo inaelekea wapi. Maji ya source, chemchemi yenu, inatoka mu mawe, ni ya Mungu. Choo yangu itaigusa namna gani?"

Jokébed aligeuka kurudi kwake. Alikuwa amekumbuka jambo. Miaka mingi nyuma, lori la chumvi lilipinduka kwenye mvua karibu na Alimbongo, na dada yake aliyeolewa kule alimsimulia jinsi wanawake wa bondeni walivyoteka maji ya chumvi juma zima, ingawa lori lilianguka mbali sana, juu mlimani.

Sasa, Jokébed ndiye aliyewapikia waashi wa Delphin. Kila mchana alipanda na beseni la fufu, sombe ya majani ya muhogo na maharagwe. Alinunua mifuko mitatu ya chumvi, ile ya kilo ishirini na tano, akawa anabeba kiasi kila siku chini ya sahani. Waashi wakishakula, alikwenda chooni, akaimwaga yote, na juu yake akamwaga maji waliyonawia.

Kambere, kiongozi wa waashi, alimwona siku ya pili.

"Mama, unatia nini mule?"

"Chumvi. Inaua inzi."

"Ah, merci sana, mama. Inzi zilituchokesha."

Siku ya sita, bintiye Rébecca alimimina chai ya asubuhi, akaonja, akakunja uso. "Mama, umekosea? Umetia chumvi pa nafasi ya sukari?"

"Sijakosea," Jokébed alisema, akainywa yote.

Mtaa mzima ulichafuka. Mhubiri mmoja alitangaza kwamba ni ishara ya nyakati za mwisho. Mwingine akasema bahari imepita chini ya Congo na inakaribia kutokea. Mama mmoja wa nyumba ya pili alifurahi, akasema sasa sombe haitahitaji chumvi ya dukani. Jokébed aliwasikiliza wote akiwa na bidoni lake la kutekea maji kwenye foleni. Alikuwa amewalindia watu hawa maji miaka ishirini na miwili, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kutazama kilichojengwa juu ya vichwa vyao.

Juma lililofuata ulifanyika mkutano mkubwa katika ukumbi mmoja wa mjini, juu ya Butembo ya mwaka 2050. Wataalamu walikuja na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Jokébed alialikwa kwa jina la kamati za maji, akawekwa kiti cha nyuma karibu na mlango. Delphin alikuwa mstari wa mbele, na kadi shingoni iliyosema yeye ni mdau wa uchumi.

Injinia alionyesha ramani yenye rangi nzuri kama kitenge kipya: barabara pana zenye miti, kiwanja cha ndege, bustani za watoto. Kihinga ilikuwa kijani tupu.

"Ile kijani ni nini?" Jokébed aliuliza kutoka nyuma.

"Zone de captage, mama. Ni eneo la kulinda chemchemi. Hairuhusiwi kujenga."

"Ni ya leo ao ni ya 2050?"

"Ya leo, mama. Imelindwa tayari."

Watu waliokaa nyuma, ambao wengi walitoka Kihinga, walitazamana. Injinia aliendelea na bustani zake.

Ikafika saa ya chai. Chai ilipikwa na wanawake wa kwaya ya kanisani kwa Jokébed, na yeye ndiye aliyewapelekea maji. Wakubwa walichovya mandazi, wakanywa. Injinia alishusha kikombe chake polepole. Mwenzake alitema ndani ya kitambaa. Delphin aliongeza sukari, akaonja, akaongeza tena.

Jokébed alisimama.

"Bwana injenia, chai iko namna gani?"

"Iko… iko na chumvi kidogo, mama."

"Ni maji ya Kihinga. Ile kijani yenu ya ku karte. Siku tisa nilimwanga chumvi ndani ya choo ya papa Delphin, ile bamechimba katikati ya zone yenu. Leo munaikunywa. Chumvi ndiyo munasikia mu kinywa, lakini haikutoka mule peke yake, ya chooni ilifuatana nayo."

Ukumbi ulilipuka. Mtu mmoja alikimbilia dirishani. Wanawake wa Kihinga walipiga mayowe, si ya kumshangilia, bali ya kugundua walichokuwa wakiwanywesha watoto wao. Jokébed alibaki amesimama, kidevu juu. Hakuwahi kufurahi vile tangu siku ya harusi yake.

Ndipo Delphin akainuka. Hakuonekana na aibu hata kidogo.

"Mama Rébecca, weye uko fundi ya kufata choo ya benzako. Ni vizuri. Na ya kwako? Nyumba yako iko juu ya source ya batu ba ku marais, kule chini bondeni. Umeshatia chumvi mule? Bao banakunywa nini?"

Watu walicheka, kwanza mstari wa mbele, kisha ukumbi wote. Jokébed akakaa chini kwenye kiti chake cha nyuma. Mwenyekiti alipiga meza, akashukuru kwa mchango huo muhimu, na ramani ikarudi ukutani.

Siku tatu hakula vizuri. Siku ya nne alirudi kutoka sokoni na mifuko miwili ya chumvi. Mathe alipomwona akielekea chooni kwao, nyuma ya nyumba, alimfuata na fimbo yake.

"Mama Rébecca, acha. Ule mutu alisema vile kwa kuchekesha batu. Nani atajua?"

"Miye nitajua, Baba Rébecca."

Aliimwaga. Siku kumi zikapita, kumi na mbili, na bondeni hakuna aliyelalamika. Alianza kupumua. Alianza hata kumtukana Delphin tena kwa sauti akiwa jikoni, kama zamani.

Siku ya kumi na sita, Bénite, mama wa bondeni mwenye wajukuu watano, alipanda mlima na kikombe mkononi. Alikuwa amesikia habari ya ukumbini kama kila mtu. Hakumsalimia mtu. Alimpa Jokébed kikombe tu. Jokébed akanywa, na chumvi ilikuwepo, kidogo, bila shaka yoyote.

"Ni yangu," alisema.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu tulijenga. Miaka makumi tatu na ine."

Bénite akasema kwa sauti ya chini: "Na weye ndiye ulikuwa unatufunza usafi." Akachukua kikombe chake akateremka.

Jokébed alikuwa amezoea kudharau wengine, na alijua jinsi ya kuifanya kazi hiyo vizuri. Sasa aliifanya juu yake mwenyewe, na hakujipunguzia. Alijiita mama wa kamati, kwa kicheko kibaya. Kesho yake yeye na Mathe walianza kufukia shimo kwa mawe na udongo. Mahali pake walisimamisha choo cha kuinuliwa juu ya ardhi, chenye mapipa mawili na majivu. Pipa likijaa wanalifunga, wanaliacha mwaka mzima, kisha linapelekwa kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mpaka shamba la Vuhovi. Majirani walikiita kiti cha mfalme. Mwenye shimo lake la kumwagikia wengine alimcheka aliyeacha kuwamwagikia.

Mambo mengine yalikwenda kama mambo ya Butembo yanavyokwenda. Delphin alihamia nyumba yake, akachimba kisima chake kirefu na kuandika langoni MAJI SAFI YA KUNYWA. Waashi walikula karamu ya kuhamia, simba wakiwa wamepakwa rangi ya dhahabu. Kwenye chemchemi ya Kihinga ofisi ya mji ilisimamisha kibao cha kukataza kunywa, na kabla ya mwezi kuisha watu walikuwa wanakitundikia nguo zilizolowa zikauke, huku wakiteka pembeni. Ripoti ya mkutano ilitoka kwenye karatasi ya kung'aa. Kihinga ilikuwa bado kijani.

Bénite alirudi baada ya miezi miwili. Safari hii alisalimia.

"Kule ngambo, ku kilima cha tatu, source iko bado nzuri. Hakuna nyumba juu. Lakini nimeona chifu anapita pale na kamba ya kupimia."

"Wako bangapi, bamama bako?"

"Kumi na moja."

Walipanda Jumamosi, wanawake kumi na watatu, wenye majembe na miche ya matete. Hawakupima hatua hamsini. Walipima mia mbili, Jokébed akihesabu kwa sauti, na walipofika juu walianza kupanda ua. Saa sita chifu akatokea pamoja na bwana mmoja mwenye viatu vyeupe.

"Bamama, hii nafasi iko na mwenyewe," chifu alisema.

"Yuko nani?"

"Ni huyu papa."

Jokébed alimtazama yule bwana kutoka viatuni mpaka kofiani, bila haraka, kama mtu anayechagua nyanya zilizooza.

"Papa, choo utachimba fasi gani?"

Bwana akamtazama chifu. Chifu akatazama mbali, upande wa mji. Wanawake hawakusimama, waliendelea kupanda, mche baada ya mche, mpaka matete yakafika mbele ya viatu vyeupe na mwenye viatu akalazimika kurudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Chifu na bwana wake waliteremka.

"Batarudia," Bénite alisema.

"Batarudia," Jokébed alikubali, akatema mate kando. "Bapumbafu banarudiaka siku zote. Nipe ile muche."