Niliimba Juu ya Sauti ya Mama

Sisi tuliokua Akheri kaseti zikiwa bado zinarudishwa nyuma kwa kalamu, tunajua kurekodi wimbo kulikuwa shughuli ya mji mzima. Siyo hawa wa siku hizi, mtu anajifungia chooni na simu, akitoka ana albamu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya. Mzungu mmoja wa misheni, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia kinasa sauti cha traki nne. Maana yake mkanda mmoja ulikuwa na njia nne, kila njia na sauti yake. Siku ya kurekodi, mablanketi ya nyumba nzima yalitundikwa sebuleni, yananuka moshi. Kuku walifungiwa. Akina mama wa kwaya walivua viatu mlangoni visije vikagonga sakafu. Jikoni kulikuwa na sufuria ya loshoro, mahindi ya maziwa mgando, na sisi watoto tuliambiwa atakayekohoa hali. Wingu likishuka toka mlimani kila mtu aliliangalia bati, maana mvua ikianza, kazi imekwisha.

Njia nne hazitoshi kwaya. Kwa hiyo zikijaa tatu, Baba alizikusanya kwenye ya nne, kisha akarekodi vitu vingine juu ya zile za mwanzo. Kazi hiyo aliiita kuhamisha. Sauti zikishahamishwa pamoja huwezi kumtoa mmoja. "Ni maziwa kwenye chai," alikuwa anasema. Mama peke yake hakuhamishwa. Ndiye aliyeanzisha nyimbo, sauti nyembamba, imenyooka, na Baba alimwachia njia ya kwanza, haiguswi.

Siku hiyo kwaya na gitaa vilikuwa tayari kuhamishwa, na nafasi mbili zitakazobaki zilikuwa za kinanda na ngoma. Nikasema na mimi naimba. Nilikuwa na miaka saba.

"Nafasi hakuna," Baba akasema.

Nikajitupa sakafuni mbele ya akina mama wote, nikalia mpaka kuku wakaanza kunijibu. Mama akachoka.

"Baba Anaeli, nihamishe na mimi, nikae na wenzangu. Mtoto apate pa kuimba."

"Nikikuhamisha sikupati tena."

"Kwani naenda wapi? Tutarudia siku nyingine."

Baba akahamisha. Nikasimamishwa kwenye stuli, nikaimba kwenye njia ya kwanza, juu ya sauti yake, ikafutika yote. Kila mstari niliuwahi kabla ya kwaya. Watu wakacheka, nikapewa loshoro ya kwanza.

Siku nyingine haikuja. Mashine ilikufa kabla ya Krismasi. Baadaye Mama aliota rovu shingoni, likakatwa, akapona, ila sauti haikurudi. Ananong'ona mpaka leo.

Mwaka huu nilimpelekea kijana mmoja wa studio pale Engutoto ile kaseti ya siku hiyo, anitafutie Mama. Akaichambua kwenye kompyuta. Gitaa likatoka, ngoma ikatoka, wakabaki wanawake wote donge moja.

"Dada, huyu mtoto ndiye yuko safi," akaniambia. "Tunaweza hata kumtengenezea biti."

Nilichukua kaseti yangu nikaondoka, nisije nikamtukana bure.

Watu wananiambia ulikuwa mtoto, jisamehe. Najua nilikuwa mtoto. Hata mimi nina wa miaka sita, Neema, naye akitaka kitu anagaragara hivyo hivyo, na kila nikimwona natamani kumchapa yule wa Akheri. Nilimwambia Mama. Akanivuta karibu nimsikie.

"Ulinimaliza masikio kwa kulia, Anaeli. Ningefanyaje?"

Enzi zetu sauti zilikuwepo, tukagombania nafasi nne. Leo nafasi ni bwerere. Neema anajirekodi akipiga mswaki, akila chipsi, akimzomea paka, na simu haijai. Juzi nilimwomba Mama aanzishe wimbo, hata mstari mmoja. Akasogeza mdomo kwenye simu, akaimba wote mpaka mwisho. Kilichoingia ni pumzi. Nimeihifadhi hivyo hivyo, na Neema nimemwambia akiigusa hiyo, mimi na yeye hatutaelewana.